Samaki wa Bei na Samaki wa Mchuzi: Kutoka Kigoma hadi Handeni na Korogwe

Mtu aliyezaliwa Kigoma huzoea kuwa na maji upande mmoja wa kila njia. Ukishuka kutoka Mwanga unaliona ziwa, ukielekea Ujiji unaliona, ukipanda mlima wowote na kugeuka nyuma liko palepale. Kwa hiyo Handeni ilianza kunishangaza kabla sijashuka garini. Barabara inayochepuka Mkata hupita katikati ya vichaka, mashamba ya mahindi na miembe mikubwa, na kando yake wanapita watu, punda na baiskeli, karibu wote wamebeba madumu ya njano. Baiskeli moja huchukua manne, mwendeshaji akiisukuma badala ya kuipanda. Mjini Chanika mama wa mgahawa nilikokula alimsalimia vizuri kijana wa maji, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, kisha akamuuliza bei ya leo. Kwetu bei inayoulizwa kila siku ni ya dagaa. Pale walikuwa wanauliziana bei ya maji.

Wenyeji wanapoeleza habari za maji hutaja herufi tatu, HTM, wakimaanisha bomba kuu la Handeni lililojengwa miaka ya 1970 kuyavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Bomba likitoa, mji hupumua. Lisipotoa, watu hurudi kwenye visima na malambo, yale mabwawa ya kuchimbwa yanayokinga mvua. Nilipelekwa kuliona lambo moja nje ya mji wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa yamesinyaa yakabaki katikati, ya rangi ya chai ya maziwa, na tope la pembeni lilikuwa limepasuka vipande vipande na kujaa alama za kwato. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe upande mmoja. Upande wa pili vijana wa Kizigua walikuwa wameingia matopeni hadi magotini, wakipapasa kwa mikono, mmoja ameshika jembe.

Walikuwa wakitafuta kambale. Samaki huyu ana kiungo juu ya matamvua yake, chenye matawi mengi madogo mekundu, kinachomwezesha kuvuta hewa tuvutayo sisi. Lambo linapokauka, perege hufa kwanza, lakini kambale hujizika topeni akasubiri. Kijana akimgusa humkandamiza kwanza kichwa, maana mapezi ya ubavuni yana miiba inayochana mkono. Wakubwa walitiwa kwenye ndoo bila maji, na bado walikuwa wakipiga mikia tulipofika barabarani. Kwenye gulio niliwaona wenzao wakiwa wamebanikwa: kila mmoja amekunjwa duara, mkia umepitishwa mdomoni, ngozi imekuwa nyeusi na inang'aa kwa mafuta. Mwanamke aliyekuwa akiwauza aliwapanga kwa ukubwa juu ya gunia, na bei aliikadiria kwa macho. Mkubwa ni mchuzi wa watu sita, mdogo ni wa mtu na mtoto wake.

Nilimweleza mzee mmoja pale gulioni kwamba kwetu Kigoma wako samaki wa ukoo wa kambale ambao hawavuliwi kwa ajili ya chungu. Wanakamatwa hai mmoja mmoja, wanafungwa kwenye mifuko ya nailoni, wanapandishwa ndege hadi Ulaya, Japani na Marekani.

"Wakifika huko wanafanyiwa nini?" akauliza.

"Wanaangaliwa, babu."

Alinyamaza kidogo. "Na chakula wanapewa?"

"Wanapewa."

"Basi wamepata mlezi," akasema, akaendelea kuchagua kambale wake.

Safari iliyobaki nilikwenda nikiyafikiria maneno yake. Mzee hakuuliza bei. Aliuliza samaki anaishije, na baadaye Korogwe niliona kwamba hilo ndilo swali lenye maana zaidi kuliko lile la bei ambalo sisi wa Kigoma tumezoea kuanza nalo.

Kwa msomaji asiyewahi kufika Kigoma, kazi yenyewe iko hivi. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na kwenye miamba yake wamo samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wengi ni wale wadogo wenye rangi ambao wataalamu huwaita sikilidi. Lakini wamo pia ngogo, samaki wenye sharubu na miiba mitatu mikali, jamii inayoitwa Synodontis. Ngogo walio wa ziwa hilo peke yake ni aina zipatazo 10. Mchana hujificha kwenye nyufa za mawe, wengine matumbo juu. Mzamiaji hushuka na nyavu mbili ndogo za mkono, anaziba ufa kwa mmoja na kumfukuza samaki kwa mwingine. Ngogo akinasa miiba yake kwenye uzi, kinachokatwa ni wavu. Mwiba ukivunjika, samaki hana mnunuzi.

Kupandisha samaki kuna taratibu zake. Aliyetoka mita 30 chini akipandishwa ghafla, kibofu chake cha hewa huvimba akaelea tumbo juu hadi afe. Kwa hiyo hutiwa kwenye pipa lenye matundu au kizimba cha wavu, kikapandishwa kidogo, kikaning'inizwa kwa kamba, kikapandishwa tena baadaye, mpaka mwili wake uzoee. Nchi kavu anawekwa kwenye tangi la saruji na hapewi chakula siku za mwisho, ili asichafue maji ya safari. Kisha hufungwa. Ngogo hatiwi mfuko mmoja, maana angeutoboa kabla ya kufika uwanja wa ndege. Mifuko huwa miwili au mitatu, na katikati yake hutandazwa gazeti. Maji ni kidogo, theluthi tu ya mfuko, nafasi iliyobaki ni ya oksijeni. Mdomo wa mfuko hukazwa kwa mpira, mifuko ikapangwa kwenye boksi jeupe la foamu, boksi likafungwa gundi. Ndege hutoza kwa kilo, na karibu kilo zote hizo ni za maji. Mnunuzi wa Ulaya anapolia kwamba ngogo wa Tanganyika ni ghali, sehemu kubwa ya kilio chake ni nauli ya maji.

Niliwahi kuwatembelea ndugu zangu Ujerumani, na jirani yao mmoja, mzee aliyestaafu, alinikaribisha kwenye chumba chake cha chini ya nyumba aliposikia nimetoka Kigoma. Kulikuwa na matangi ya kioo kutoka sakafuni hadi darini, kama 30 hivi, kila moja na taa yake na bomba dogo la kupuliza hewa. Mengi yalikuwa ya kambale: wa Amerika ya Kusini wenye midomo ya kunyonya mawe, wa Kongo, na wa kwetu. Kwenye kila kioo kulikuwa na kikaratasi chenye jina la samaki, mahali alikotoka na mwaka aliopatikana. Nilisoma majina ya vijiji vya ufukweni mwa Tanganyika yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani. Alizungumza na samaki wake kwa sauti ya chini, na alijua yupi ni mkali, yupi hakula jana, yupi ni jike linalokaribia kutaga. Kila juma hutoa robo ya maji ya kila tangi na kutia mapya.

Nikiwa Handeni nilikumbuka chumba kile, nikapiga hesabu. Tukisema tangi moja ni la lita 200, robo yake ni lita 50, yaani madumu mawili na nusu. Matangi 30 ni madumu 75 kila juma, ya kuogesha samaki peke yake. Simlaumu mzee yule, maana nchi yake haina kiangazi cha Handeni, na maji yake yanatoka ukutani. Lakini hesabu ile ilinionyesha kwamba samaki wa mapambo hununuliwa mara mbili. Mara ya kwanza unalipa samaki, na baada ya hapo unalipa maji yake maisha yote. Ndiyo maana mchezo huu umekaa nchi zenye maji ya bomba yasiyokatika na umeme usiozimika, ilhali samaki wenyewe wanatoka kwenye nchi ambazo mambo hayo mawili ni ya kubahatisha.

Kwa nini aina moja iwe rahisi na nyingine isipatikane kwa bei yoyote? Nilikuwa nikidhani ni uzuri, au uchache wake ziwani. Ni hivyo kwa sehemu ndogo tu. Kinachoamua zaidi ni kama samaki anakubali kuzaa ndani ya kioo.

Chukua ngogo wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, aliyeelezwa kitaalamu na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1898. Ziwani wako sikilidi ambao jike hutaga, huyaokota mayai yake na kuyahifadhi mdomoni mpaka yaanguliwe. Ngogo huvizia saa hiyo ya kutaga. Dume na jike huingia katikati kwa fujo, wanakula mayai ya mwenyeji na kumwaga yao. Mama sikilidi, katika haraka ya kuokota, huyazoa na yale ya ngogo. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, na vifaranga wake huwala watoto wa mwenyeji mlemle mdomoni. Jambo hili lilielezwa na Mjapani Tetsu Sato mwaka 1986, na hakuna samaki wengine wengi wanaojulikana kulelewa kwa hila namna hiyo, kama kifaranga cha ndege kwenye kiota cha jirani. Wafugaji wa Ulaya walipoelewa siri yake waligundua kwamba si lazima mlezi awe wa Tanganyika, kwani hata sikilidi wa Ziwa Nyasa hudanganyika. Tangu hapo wanamzalisha, na bei imeshuka mpaka mtoto wa shule anaweza kudunduliza akamnunua.

Sasa mtazame ndugu yake, Synodontis granulosus, aliyeelezwa mwaka 1900. Huyu ni mnene, ngozi yake ina chembechembe, mapezi yana ukingo mweupe. Anaishi chini zaidi na hata ziwani ni wa kuonekana mara chache. Kumzalisha kwenye tangi ni kazi ngumu. Kwa hiyo kila anayetaka humngoja mzamiaji, na mmoja huuzwa kwa mamia ya dola. Nyumbani nimewaona wazamiaji wakirudi na ndoo iliyojaa na ndoo isiyo na kitu, na akipatikana granulosus mmoja mazungumzo ya jioni hubadilika.

Kisa kinachojulikana zaidi kati ya wafugaji wa kambale si cha kwetu, ni cha Brazili. Kwenye Mto Xingu, jimbo la Pará, yupo kambale mdogo asiyezidi sentimita 10, mweupe mwenye mistari myeusi ya kukatiza, jina lake Hypancistrus zebra. Alipoingia Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuwa hata na jina la kitaalamu. Jarida la Kijerumani la DATZ lilikuwa limeanza mwaka 1988 kuwapa namba samaki wa namna hiyo, herufi L na tarakimu, na yeye akawa L46. Jina rasmi alilipata mwaka 1991. Alivuliwa kwa pupa, Brazili ikazuia usafirishaji wake, na zuio likapandisha bei hadi mamia ya dola kwa samaki mmoja. Bei ikazaa magendo. Kisha likaja bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kuzalisha mwaka 2016 na kuyageuza maji ya kipande kilekile cha mto anakoishi. Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama, nchi zilikubaliana kumweka kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao hudhibitiwa kimataifa. Wakati huohuo wafugaji wa Ulaya na Asia walikuwa wakimzalisha nyumbani kwao, ingawa jike hutaga mayai kumi na kitu tu kwa mara moja. Leo zebra wengi wanaouzwa hawajawahi kuuona Mto Xingu.

Niliyabeba yote haya kichwani wakati gari likiteremka kutoka Handeni kwenda Korogwe. Mandhari hubadilika ghafla. Vichaka hupungua, mistari ya mkonge hujitokeza, na mbele yako Milima ya Usambara husimama ikiwa na bluu ya mbali. Korogwe kuna joto, kuna mabasi ya Arusha na Moshi yanayosimama abiria wapate kula, kuna machungwa na vikapu, na kuna mto. Pangani unapita pale ukiwa umeshabeba maji ya Kilimanjaro na Meru, na hapo unapokea mengine kutoka milimani, pamoja na ya Luengera, unaotiririka kati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Baada ya lambo la Handeni, nilisimama darajani muda mrefu nikitazama tu jinsi maji yanavyopita bila mtu yeyote kuyakinga.

Ziwa letu lina miamba na maji unayoyaona mpaka chini. Pangani hauna hayo. Ni mto wa rangi ya udongo, mzito, na kinachoishi ndani yake hukijui mpaka kitoke. Wavuvi wake ni wachache na wengi ni wakulima wenye ndoana na migono. Nilimkuta mmoja, mtu wa makamo, akitega kwenye kijito chenye mawe kinachoingia mtoni. Aliniruhusu nikae naye. Alikuwa akipata perege wadogo na kambale wa wastani. Nilipomuuliza kama kuna samaki wengine, aliinamia maji ya kasi, akageuza jiwe moja kubwa kama kichwa cha mtu, akalinyanyua lote. Upande wa chini alikuwa amenata samaki wa urefu wa kidole, wa kahawia mwenye mabaka, bapa tumboni. Alipombandua na kunitilia kiganjani, samaki akanishika. Midomo yake yote miwili imepanuka ikawa duara moja la nyama, na kwa duara hilo hujibana kwenye jiwe mto usimchukue. Nilipindua mkono, na kwa sekunde kadhaa hakuanguka.

"Huyu wa nini?" nikauliza.

"Hana kazi, mjomba. Haliwi. Tunamrudisha."

Akamrudisha, na jiwe akaliweka kama lilivyokuwa.

Ninavyomfahamu samaki wa umbo lile, ni wa jenasi ya Chiloglanis, na aliyekuwa wa kwanza kabisa katika jenasi hiyo kupewa jina alitoka kwenye mfumo wa mto huuhuu. Alielezwa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1868, akamwita Chiloglanis deckenii kwa heshima ya Karl Klaus von der Decken, msafiri aliyepanda Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuuawa Somalia mwaka 1865. Tangu hapo aina nyingi za samaki hao zimeelezwa Afrika, na zote zinapimwa kwa kulinganishwa na huyu wa Pangani. Yule mzee wa Ujerumani angelipa fedha nzuri kumpata mmoja mwenye kikaratasi kilichoandikwa Korogwe. Mvuvi wa kijito kile hajawahi kuulizwa habari zake.

Si huyo tu. Mwaka 1955 Rosemary Lowe, mtafiti Mwingereza aliyekuwa na makao yake kwenye kituo cha uvuvi cha Jinja, Uganda, alichapisha maelezo ya perege wapya kutoka Ziwa Jipe na Mto Pangani. Mmoja alimpa jina la mji huu, na leo anajulikana kama Oreochromis korogwe. Niliwauliza watu kadhaa sokoni Manundu kama wanajua kwamba kuna samaki mwenye jina la mji wao. Walifurahi kusikia, mmoja akaniomba nilirudie jina hilo polepole. Ndugu yake wa Ziwa Jipe, Oreochromis jipe, amewekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sehemu ya tatizo ni samaki wa kuletwa. Samaki aitwaye sato na perege wa maziwa mengine wamepandikizwa kwenye mabwawa na mito mingi ya Tanzania, wanazaliana na wenyeji, na baada ya muda huwezi tena kuwatenga.

Nilipokuwa nikiwaza hayo na kisa cha zebra wa Xingu, Usambara ilikuwa mbele yangu na mfano wake tayari. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, aliliona ua dogo la zambarau kwenye misitu ya huku, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Lilikuwa jipya na la watu wachache. Ikagundulika kwamba jani lake moja likichomekwa udongoni huota, na leo vyungu vyake vimejaa madirishani duniani kote, bei ya chini kuliko sahani ya chipsi. Wingi huo wote haukuongeza hata shina moja kwenye mwamba wa Usambara ambako msitu umekatwa. Zebra wa Xingu anaelekea kuwa hivyohivyo, mwingi kwenye vioo na mchache mtoni.

Wapo pia samaki wadogo wa madimbwi, Nothobranchius, ambao nchi hizi za Tanga na bonde la Pangani zinao. Huishi kwenye madimbwi ya mvua, hukua na kutaga haraka, na dimbwi linapokauka wote hufa huku mayai yao yakibaki topeni yakisubiri mvua nyingine. Wapenzi wao Ulaya hutumiana mayai hayo kwenye mboji yenye unyevu, ndani ya bahasha ya posta, na kila bahasha huandikwa jina la mahali samaki wa kwanza walikovuliwa. Hakuna boksi la foamu, hakuna nauli ya maji. Kwa hao, uhaba umekwisha kwa bei ya stempu. Kambale hana bahati hiyo, kwa sababu lazima asafiri mzima, na miiba yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuipima Kigoma upya. Sisi tumekuwa tukijivunia kwamba samaki wetu wana bei. Bei imetufaa. Kwa ajili yake kijana wa Katonga, kwetu Kigoma, anajua aina za ngogo kwa macho, anajua yupi anaishi kwenye mwamba upi na yupi ameanza kuwa adimu. Kijuujuu anaweza kuonekana ni mfanyabiashara tu, lakini ujuzi alionao hauko kwenye vitabu vyetu vya shule. Korogwe haina ujuzi wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna mnunuzi aliyewahi kuja kuuliza. Chiloglanis akitoweka kwenye kile kijito, hakuna soko litakalotikisika, na huenda hakuna mtu atakayetambua.

Lakini Handeni ilinifundisha upande wa pili. Kule watu wanajua thamani ya maji kwa lita. Wanajua lambo likibaki na kina cha goti ni majuma mangapi yamesalia. Sisi wenye ziwa la mita 1,470 tunahesabu samaki na kusahau maji. Tunafyeka milima ya juu ya ufukwe, mvua inashusha udongo, udongo unaziba nyufa za miamba ambamo ngogo hujificha na kutaga. Zuio la kusafirisha halizibui ufa uliojaa udongo, na bei kubwa haiuzibui pia. Xingu umetuonyesha kwamba mtu anaweza kumpenda samaki kwa moyo wote, akamlipia fedha nyingi, akamzalisha kwa ustadi, na bado mto wa samaki huyo ukabadilishwa bila yeye kuwa na la kusema.

Pangani nao una wengi wanaoutaka. Kituo cha umeme cha Hale, cha megawati 21, kimekuwa kikiutumia tangu mwaka 1964. Mashamba yanautaka, mifugo inautaka, na bomba la Handeni linautaka pia, na ni haki yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, ina kazi ya kugawa maji hayo na kuacha mtoni kiasi kinachotosha uhai wake. Uhai huo una majina, na majina hayo yanapaswa kujulikana Korogwe kabla hayajaulizwa na mtu wa mbali.

Ningependa shule moja ya kando ya mto ipewe kazi ya kuandika samaki wa kijito chake kila mwaka: alionekana nani, chini ya mawe gani, maji yakiwa na kina gani. Haihitaji tangi la kioo wala umeme. Inahitaji daftari, mwalimu mwenye moyo, na mvuvi kama yule anayelirudisha jiwe mahali pake. Na Kigoma ningependa wazamiaji wetu waalikwe kwenye vikao vinavyoamua miti ipi ikatwe mlimani, kwa sababu wao ndio wanaoona udongo unapofikia. Samaki adimu hawezi kulindwa na mtu anayemjua kwa bei yake tu. Mlinzi wake wa kwanza ni yule anayejua anaishi wapi, na anayekasirika maji yake yakiguswa.